Abiria wa Mzee Fanuel

Ukitaka kujua dunia ilikuwa inakwenda vipi Migori mwaka ule wa tisini na sita, ungeacha ofisi ya D.C. na gazeti la juzi, ukaja kukaa kona ya duka la mbolea, kwenye benchi la Nyaboke. Benchi lenyewe lilikuwa ubao mmoja wa mvule uliolazwa juu ya rimu mbili za lori, na aliyekaa kushoto alipaswa kumwomba wa kulia asiinuke bila kusema. Nyaboke alikuwa mama wa Kisii. Kahawa yake aliikaanga mwenyewe, akaiuza bila sukari, na anayetaka sukari alielekezwa kwa mama wa chai kule mbele. Ng'ambo ya barabara, hatua ishirini tu, palikuwa na chumba kimoja cha rangi ya samawati kilichoandikwa "Mbawa za Ziwa". Hilo ndilo shirika la ndege. Lilikuwa na ndege moja ya viti kumi na viwili, iliyotakiwa kutoka Nairobi kila Jumanne na Alhamisi, itue Homa Bay, kisha itue Migori. Nasema iliyotakiwa. Nje ya chumba palisimama ubao mweusi wa shule, na kila asubuhi karani Mourine alitoka na chaki, akaandika habari za ndege, akarudi ndani haraka kabla hajaulizwa.

Alhamisi hiyo alikuwa ameandika: NDEGE YA LEO IMECHELEWA. SABABU: UPUNGUFU WA WAFANYAKAZI.

Jumanne aliandika hayo hayo, ila penye "imechelewa" palikuwa na "imefutwa".

Mzee Fanuel aliyasoma maneno hayo kwa mara ya sita. Alikuwa mkulima wa tumbaku kutoka Nyatike, mbele ya Macalder, mtu wa miaka hamsini na minne, na tangu Jumatatu alikuwa akilala kwa dada yake hapa mjini ili ndege isimpite. Katikati ya miguu yake aliegemeza shoka jipya lililofungwa kwa gazeti. Aliliinua, akaliweka chini, akaliinua tena. Ilikuwa saa nne na nusu asubuhi na tayari alikuwa na vikombe vitano tumboni.

— Mzee, hilo shoka litaota mizizi, akasema Injinia.

Injinia jina lake la kanisani lilikuwa Ken. Alitengeneza baiskeli pale pale kando ya benchi, na hakuna chombo chenye gurudumu ambacho hakujua kasoro yake, awe amekiona au hajakiona.

— Liote tu, Fanuel akajibu. Mwenye kulibeba ako njiani.

— Njiani wapi? Ubao unasema bado hajatoka.

— Injinia, funga mnyororo wako uniache.

Redio akacheka. Huyu aliitwa Zablon alipokuwa karani wa kiwanda cha pamba kule Homa Bay, kabla kiwanda hakijafungwa. Siku hizi alitembea na redio ndani ya mfuko wa kitambaa. Betri zilikwisha tangu Krismasi, lakini habari zake hazikukwisha.

— Upungufu wa wafanyakazi, Redio akasoma kwa sauti ya taarifa ya saa moja. Sasa mimi nauliza. Hii Migori yote imejaa watu hawana kazi. Mimi sina kazi. Soja hana kazi. Injinia ana kazi lakini hana wateja. Shirika linakosaje watu?

— Wanakosa marubani, si watu, akasema Soja.

— Rubani si mtu?

— Rubani ni mtu na nusu.

Soja ndiye Gisiri, Mkuria wa Ntimaru aliyestaafu jeshini. Kati ya wote waliokaa pale, ni yeye tu aliyewahi kupanda ndege, na hakumruhusu mtu kulisahau jambo hilo hata siku moja.

— Basi sikizeni, Redio akasema. Marubani wote wameenda Lokichogio. Kule kuna ndege za kupeleka chakula Sudan. Unaruka, unamwaga mahindi, unarudi, unalipwa dola. Sasa nani atakuja Migori kubeba walimu na kuku? Haba na haba hujaza kibaba. Leo mmoja ametoka, kesho mwingine, mpaka ofisi imebaki na Mourine peke yake.

— Hiyo methali ni ya kuweka akiba, akasema Nyaboke.

— Loki ndio wanaweka akiba. Sisi ndio tunachotwa.

Moyoni Fanuel alishukuru. Habari ya Loki ilikuwa nzito, ilikuwa mbali, na haikumhusu yeye hata kidogo. Tangu Jumanne alikuwa ameligundua jambo hilo: kila mtu wa kijiweni alipoleta maelezo yake, yeye alipata kupumua.

Maana jambo lilikuwa kubwa kwake kuliko walivyojua. Fanuel alikuwa bado anaishi katika boma la marehemu baba yake, na kwa Mjaluo wa umri wake mwenye mtoto aliyemaliza chuo, hilo ni la kuona haya. Alitaka kuhama, afungue boma lake mwenyewe. Na boma halifunguliwi ovyo ovyo. Mwanamume huondoka alfajiri na jogoo mkononi, mke wake anabeba moto, mtoto wao wa kiume wa kwanza anabeba shoka jipya, na mbele yao anatembea baba wa huyo mwanamume, au ndugu wa baba kama baba hayupo, awaonyeshe mahali. Nyumba inajengwa siku hiyo hiyo na jioni mtu na mkewe wanalala ndani. Mmoja akikosekana, hakuna kwenda. Hata mafundi wawepo ishirini na mabati yawe yameshashushwa, hakuna kwenda.

Mke, Roseline, alikuwa tayari. Jogoo alikuwa amefungwa mguu tangu Jumamosi. Baba yake alikufa zamani, lakini alibaki mzee mmoja, Wangwe, ndugu wa mwisho wa baba, mwenye mguu uliovimba mpaka kiatu kimekataa. Kesho Ijumaa, jua likishapanda, bintiye angekuja na gari kumpeleka hospitali Homa Bay akalazwe. Wangwe alimwambia Fanuel waziwazi: "Nikienda na mguu huu, kurudi ni kwa Mungu. Mimi nitakuonyesha pako kabla ya hiyo gari. Wewe niletee mtoto." Baada ya Wangwe hakuna tena aliyemwita Fanuel mtoto.

Na mtoto mwenyewe, Maxwell, alikuwa Nairobi tangu Jumamosi, ametoka India kusoma miaka sita, na Jumatatu alitakiwa kuripoti kazini huko huko Nairobi. Kwa hiyo alfajiri ilibaki moja tu, ya kesho.

— Redio anaongea siasa, akasema Injinia, akifuta mafuta mikononi. Mimi naongea ufundi. Umewahi kuona usukani wa ndege? Ziko mbili. Kwa nini mbili? Kwa sababu rubani mmoja lazima alale. Kule juu ya Bonde la Ufa hewa ni nyembamba, usingizi unakuja kwa nguvu. Mmoja analala, mwingine anashika. Wamemfukuza wa kulala. Sasa huyu aliyebaki akisinzia, ndege itashikwa na nani?

— Na wewe ulijua hii wapi?

— Ni akili tu. Hata baiskeli ukipanda na mizigo ya dagaa wa omena kutoka ziwani, mtu wa nyuma hukuimbia usilale.

— Lakini manahodha wengi, chombo huenda mrama, Redio akasema. Kwa hivyo kama wamepungua, sisi tunafaa kushukuru. Hii ndege sasa ndio salama kabisa.

— Ni salama kwa sababu haijaruka, Nyaboke akasema, akimimina.

— Si ndio hiyo. Mwenda pole hajikwai.

Fanuel aliinua shoka, akaliweka chini. Upande wa pili wa kona pickup ya Macalder ilikuwa imeanza kujaza abiria. Hiyo ndiyo ya mwisho, ingeondoka saa saba, na baada yake hakuna gari la kwenda kwao mpaka kesho. Dereva alipiga honi kujitangaza. Fanuel akageuka kuiangalia, akarudisha macho kwenye ubao. Ubao ulikuwa vile vile.

— Nyinyi nyote hamjapanda ndege, Soja akasema.

— Ameanza, akasema Injinia.

— Mimi nilirushwa kutoka Nanyuki mpaka Wajir, tukiwa wanajeshi thelathini na mbuzi wawili wa afande. Nilikaa karibu na rubani. Nikaona vile rubani anaona. Anaona kila kitu kilichoko chini. Kama kuna sufuria imeanikwa, anaiona inameta. Sasa niambieni, ndege ikitoka Homa Bay kuja hapa, inazunguka wapi?

— Inazunguka upande wa Macalder, Redio akajibu.

— Na Macalder kuna nini?

 Kila mtu alimjua mtu anayechimba dhahabu Macalder, na wengi walimjua anayedai kuipata.

— Rubani anaona dhahabu kutoka juu, Soja akasema polepole. Mimi na wewe tunachuja mchanga mwezi mzima, tunapata chembe. Yeye anaiona yote, mistari mistari, vile imelala chini ya udongo. Akishaiona mara mbili, mara tatu, atarudi Nairobi kufanya nini? Anaacha kazi. Anakuja na karai. Hii Migori ndio inakula marubani. Shirika likileta mmoja, tunammeza.

— Yawa, jamani, Redio akasema kwa heshima. Hii hawajatangaza popote.

— Hawawezi kutangaza.

— Mzee Fanuel, wewe unatoka huko huko, akasema Injinia. Hujaona mtu mgeni ako na shati nyeupe, hapa mabegani kuna mistari ya dhahabu, anachimba?

Wote wakamgeukia. Fanuel alijua kwamba hajamwona mtu kama huyo. Lakini pia alijua kwamba kama marubani wako mashimoni, basi hakuna mtu wa kulaumiwa, ni dhahabu tu imeharibu mambo.

— Kuna mmoja, akasema. Nilimwona mwezi uliopita karibu na mto. Shati ilikuwa nyeupe, lakini imechafuka.

— Na mabega?

— Alikuwa amejifunika gunia.

— Amejifunika, Soja akasema, akapiga goti lake. Lazima ajifunike.

Fanuel akainamisha uso kwenye kikombe. Kanisani alikuwa mzee wa kuhesabu sadaka, na sasa alikuwa amedanganya mchana peupe kwa ajili ya ndege. Aliona aibu, lakini hakurudisha maneno yake.

Wakati huo Mourine alitoka nje kumwaga maji ya kuoshea kikombe, na Redio akamshika kwa sauti kabla hajarudi.

— Mourine, nyathina, mwanangu, sema ukweli. Ni Loki, ni usingizi ama ni dhahabu?

Mourine alisimama. Alikuwa msichana mwenye subira, ila baada ya siku tatu ilikuwa imempungua.

— Baba, marubani walikuwa wanne. Wawili walipata kazi kampuni kubwa. Mmoja ako na malaria. Aliyebaki ameruka masaa mengi, sheria inasema lazima apumzike. Na fundi wa kutia sahihi kwamba ndege ni nzima ni mmoja tu, na jana alikuwa mazishini kwao. Wakipata mtu wataniambia kwa simu. Ni hivyo tu.

Akaingia ndani.



— Maelezo yake ni mepesi sana, akasema Injinia.

— Amefundishwa aseme hivyo, Soja akasema. Umesikia ametaja malaria? Malaria unaipata wapi? Kwenye mashimo yenye maji. Macalder.

— Na fundi kuenda mazishi, Redio akaongeza. Mazishi ya nani? Hakusema. Mficha uchi hazai.

— Hiyo nayo umeiweka pabaya, akasema Nyaboke.

— Iko pahali pake kabisa. Shirika linaficha, ndio maana halizai marubani.

Wakacheka wote, hata Nyaboke. Fanuel naye akacheka, lakini miguu yake haikutulia. Alisimama, akaenda mpaka ukingo wa barabara, akatazama juu upande wa Homa Bay. Mbingu ilikuwa safi, haina hata kunguru. Akarudi akakaa. Injinia akasema kama ni upungufu tu, yeye yuko tayari kuajiriwa, maana mtu anayeweza kushuka mteremko wa mto bila breki, na mama mja mzito nyuma, ndege itamshinda nini. Soja akasema atamkubali kama msaidizi. Redio akajipa kazi ya kutangaza kule ndani. Walikuwa wameshagawana ndege yote, viti na tumbo, walipomwona mama mmoja anaweka gunia chini mbele yao na kuomba kahawa.

— Karibu mama, Nyaboke akasema. Lakini sukari hakuna.

— Hata mimi sitaki. Nataka kitu cha kunifungua macho.

Alikuwa mwanamke wa makamo, kanga mbili, viatu vya raba. Soja alimsalimia kwa Kikuria na akajibiwa kwa Kikuria, na ikajulikana kwamba anaitwa Bhoke, anauza nguo za mitumba, na anangoja gari la Ntimaru. Alikunywa kikombe cha kwanza amesimama. Cha pili alikunywa amekalia gunia lake, akisikiliza habari za marubani wanaojifunika magunia. Hakucheka. Alikuwa akisikiliza kama mtu anayetafuta mahali pa kuingilia.

— Samahani wazee, akasema mwishowe. Mimi si wa hapa. Nauliza tu. Huyu anayengojewa ni nani?

— Ni mtoto wa huyu mzee, Redio akasema. Msomi. Ametoka Bara Hindi.

— Na sasa ako Bara Hindi?

— Hapana, ako Nairobi. Amekwama Nairobi tangu Jumamosi.

— Ni mgonjwa?

— Mzima kabisa, Fanuel akasema.

Bhoke akakitazama kikombe chake, kisha akawatazama mmoja mmoja.

— Mimi jana jioni nilikuwa Nairobi, akasema. Nimelala kwa basi, alfajiri nikawa hapa, nimeshauza nusu ya gunia. Kwani barabara imefungwa?

Hapo sasa.

Redio akaanza kutafuta kitu ndani ya mfuko wa redio. Injinia akalizungusha gurudumu la baiskeli iliyopinduliwa, na likazunguka muda mrefu bila kelele, maana alikuwa ameshalitengeneza. Soja aliangalia upande wa Macalder. Nyaboke aliacha kumimina. Siku tatu walikuwa wamekaa pale wakiichambua ndege moja, na kila alfajiri mabasi mawili ya Nairobi yalipita mbele ya benchi hilo hilo, yakishusha watu.

Fanuel alihisi shoka linakuwa zito mikononi. Angeweza kusema kijana huumwa na safari za gari. Angeweza kusema chochote, na wangempokea, maana walimpenda. Lakini alikuwa amechoka kupumulia uongo wa watu wengine.

— Haijafungwa, akasema. Mimi ndiye niliifunga.

Akaliegemeza shoka kwenye benchi.

— Jumapili nilikuja mjini, akanipigia simu hapo posta. Akaniambia, baba, nimepata basi la usiku, kesho asubuhi niko nyumbani. Nikamwambia hapana. Nilishawaambia watu atashuka kutoka juu. Kwaya ya kanisa imekubali kuja uwanjani na sare. Mimi niliuza ng'ombe wangu wote nikampeleka kijana kusoma, na majirani wakasema Fanuel amebadilisha ng'ombe kwa hewa. Nilitaka waone hewa ikimleta. Nikamwambia mtoto wangu hawezi kushuka stendi alfajiri na vumbi kama gunia la omena. Nikamnunulia tiketi ya ndege. Akasema, sawa baba.

Akalitazama shoka. Akaendelea.

— Na mzee wetu Wangwe, wa kutuonyesha mahali pa boma jipya, kesho anapelekwa hospitali, na huenda asirudi.

Habari za Wangwe na boma walikuwa hawajaambiwa, wao walidhani shoka ni la kuni. Sasa walielewa. Redio, aliyekuwa Mjaluo mwenye boma lake, alielewa kuliko wote, na akaweka mfuko wake chini.

— Omera, ndugu yangu, akasema taratibu. Siku tatu unatuacha tunatafuta rubani kwa mashimo?

— Mlikuwa mnanisaidia.

— Tulikuwa tunakuua.

— Basi la usiku linatoka saa mbili, akasema Bhoke. Ukimpigia sasa, alfajiri atakuwa hapa. Simu iko wapi?

Injinia alitoa sarafu zote za mfukoni akamwekea Fanuel mkononi. Posta ilikuwa nyumba ya tatu kutoka pale. Fanuel akaenda karibu akikimbia, na shoka kwapani, watu wakampisha njia.

Maxwell alikuwa amefikia kwa mpwa wa Fanuel aitwaye Elijah, aliyefanya kazi katika duka la misumari lenye simu. Simu ililia sana ndipo ikashikwa. Fanuel hakusalimia.

— Elijah, mwambie Maxwell apande basi leo. Asingoje ndege. Mwambie baba amesema.

Upande wa pili palikuwa na kelele za mabati, kisha Elijah akasema:

— Mjomba, kwani Maxwell si ako huko na wewe?

— Ako huku wapi?

— Alipanda basi jana usiku. Alisema amengoja hiyo ndege vya kutosha, na babu Wangwe hawezi kungoja. Akanikataza nisikuambie, eti utamwambia ashuke, arudi kungoja ndege. Mpaka sasa lazima amefika nyumbani. Alidhani uko nyumbani.

Fanuel hakukumbuka kama aliiaga simu. Alirudi kwenye benchi akitembea polepole, na kila mtu aliona usoni kwamba kuna jambo, ila hawakujua ni la kheri au la msiba.

— Alipita hapa, akasema. Leo alfajiri. Alipita hapa hapa nikiwa nimelala kwa dada yangu.

Nyaboke akaliweka birika chini.

— Mrefu? Ana miwani?

— Mrefu. Miwani sijui. Ni miaka sita.

— Alikunywa kahawa yangu saa kumi na moja, Nyaboke akasema. Akauliza pickup ya kwanza ya Macalder inasimama wapi. Kikombe alinirudishia kwa mikono miwili. Nikasema moyoni, huyu amelelewa. Lakini sikumuuliza jina, mzee. Wako tulijua ni wa ndege.

Fanuel akakaa. Aliona kwa macho yake vile mambo yalivyo nyumbani saa hiyo. Wangwe ametolewa nje, amewekwa kitini na mguu wake juu ya kigoda, ana kofia yake. Roseline anamwambia kijana, baba yako yuko Migori, anakungoja wewe. Jogoo yuko kwenye kamba. Leo walikuwapo wote, na mtu aliyepungua alikuwa mmoja, yeye mwenyewe. Alitamani kucheka na alitamani kulia, na akaona ajabu kwamba vyote viwili vinatoka mahali pamoja.

— Basi amka, Redio akasema kwa ukali, kwa sababu naye machozi yalikuwa karibu. Unakaa kufanya nini? Saa saba imefika.

Kweli dereva wa pickup alikuwa anapiga honi ile ya mwisho, ndefu, ya kuwatisha wanaonunua ndizi. Soja alikwenda mbele kuizuia, akasimama katikati ya barabara na mkono juu kama yuko kwenye kizuizi. Bhoke akauliza ni wangapi wanaodaiwa kahawa awalipie, na Nyaboke akasema leo hadai mtu. Aliliinamisha birika juu ya kikombe cha Fanuel ili amalizie kabla ya safari. Hakikutoka kitu, ila machicha ya kahawa.

Ni wakati huo Mourine alipotoka mbio, chaki mkononi, akitabasamu kwa mara ya kwanza wiki hiyo. Akafuta ubao kwa kiganja. Akaandika kwa herufi kubwa: NDEGE INAKUJA. SAA TISA.

— Mzee Fanuel, akaita kutoka ng'ambo. Wamepata rubani. Unaweza kuwaambia watu wa kwaya. Nipe jina la abiria wako nimwangalie kwa orodha.

Benchi zima likamgeukia. Fanuel alisimama, akalishika shoka lake, na kwanza akangoja gari moja lipite ndipo amjibu, maana hakutaka arudie.

— Abiria wangu amefika, mama. Aliyechelewa ni mimi.

Akapanda nyuma ya pickup, juu ya magunia ya chumvi, na safari nzima ya kwenda kwao hakuangalia juu hata mara moja.